Kongoro ndani ya pipi

Supu ya kongoro ikilala, asubuhi unaikuta imeganda, inatikisika sufuriani. Kinachoigandisha ni gelatini, itokayo kwenye mifupa, kano na ngozi za miguu ya ng'ombe. Gelatini ya aina hiyo, ikikaushwa na kusagwa, ndiyo inayozipa pipi laini za watoto mnyumbuko wake, na ndiyo ganda la vidonge vingi vya kapsuli. Basi mwenye mzio wa nyama ya mamalia akisoma pakiti akitafuta neno "nyama", hataliona. Atafute kinachogandisha.

Mzio huu huanza na kupe. Akishakung'ata, mwili waweza kujifunza kuikataa sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, lakini haimo kwa kuku wala samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza kwa nini mzio huo ulijificha muda mrefu: madhara hukawia, mara nyingi kwa muda wa saa mbili hadi sita. Mtu anakula mishikaki saa mbili usiku, anaamka saa saba ana vipele mwili mzima, tumbo linamkata, na lawama anamtupia pweza aliyemalizia naye. Maskini, anakiacha chakula kilicho salama kwake, tena pwani ya Msimbati, huku Mtwara, penye samaki tele! Afrika Kusini nako wagonjwa wamepatikana, vijijini huko Rasi ya Mashariki.

Pakiti ya pipi niliyoigeuza dukani Mtwara mjini ilikuwa na alama ya halali. Alama hiyo ina kazi yake, na naiheshimu, ila swali hili hailijibu: gelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria bado ni ya ng'ombe. Mara huandikwa gelatini, mara E441. Inayonisumbua zaidi ni E471, kiungo cha kuchanganya mafuta na maji kwenye biskuti na aiskrimu. Chaweza kutokana na mawese, chaweza kutokana na mafuta ya ng'ombe, na namba ni ileile. Hapo dawa ni kumpigia mtengenezaji, au kuirudisha pakiti rafuni. Ningependa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, lidai chanzo kiandikwe.

Kisha ipo E407, yaani karagenani. Hii haina mnyama kabisa. Inatokana na mwani, ule ambao kina mama wa pwani hii huukausha juani. Mwani unauzwa nje, kisha unarudi kwetu umo ndani ya maziwa ya chokoleti. Lakini minyororo ya sukari yake ina viungio vinavyofanana na vya alfa-gali, na baadhi ya wagonjwa huwadhuru. Kwa hiyo aliyegundulika juzi kuwa na mzio huu aiweke karagenani kando kwanza, hadi mwili utulie. Baadaye, daktari akiridhia, aijaribu yenyewe, siku asiyokula kingine kipya, na aandike saa aliyokula.