Ngoma Ilichukuliwa, Mnong'ono Ukaachwa

Muhula uliopita, mwishoni mwa kipindi cha fonolojia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituomba ruhusa ya kulisikilizisha darasa wimbo. Ulikuwa "The Jungle Line" wa Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada ambaye katika miaka ya 1970 aliiacha njia ya gitaa iliyompatia jina, akaanza majaribio ya muziki ambayo wapenzi wake wengi hawakuyaelewa. Mwanafunzi alitaka tusikilize ngoma tu. "Hizi ni zetu, mwalimu," alisema, na wenzake wakampigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya, kwa sababu hatukuweza kuyaunga mkono moja kwa moja, wala hatukuweza kuyakataa.

Wimbo huo umo katika albamu The Hissing of Summer Lawns ya mwaka 1975. Ngoma zinazosikika humo hazikupigwa studioni. Zilitolewa katika santuri iitwayo Musique du Burundi, ambayo rekodi zake zilifanywa nchini mwetu na Michel Vuylsteke mwaka 1967, na ikatolewa na Ocora, nyumba ya santuri ya redio ya Ufaransa. Mitchell alichukua kipande cha ngoma, akakirudiarudia, akaweka juu yake gitaa na kinanda cha umeme cha Moog chenye sauti nzito ya kunguruma, kisha akaimba. Siku hizi kijana yeyote mwenye kompyuta hufanya hivyo kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 1975 lilikuwa jambo geni kabisa katika muziki wa kuuzwa madukani.

Tuseme wazi kwamba wimbo ni mzuri. Unamhusu mchoraji Henri Rousseau, Mfaransa aliyechora misitu ya nchi za joto bila kutoka Ufaransa, akitazama mimea ya bustani za Paris. Mitchell naye alizipata ngoma zetu katika santuri. Tunaamini kwamba alijua anachokifanya, na kwamba kejeli iliyomo ni ya makusudi. Pia hakuzilainisha ngoma ili zipendeze. Aliziacha zikiwa na ukali wake. Ukimlinganisha na waliotoa "Burundi Black" mwaka 1971, ambao waliichukua rekodi hiyohiyo wakaipaka piano na gitaa ikauzwa Uingereza kama muziki wa dansi, yeye ni msanii na wale ni wachuuzi.

Hata hivyo, baadhi ya waandishi huita kazi hii ushirikiano kati ya Mitchell na wapiga ngoma wa Burundi. Hapo hatukubali. Ushirikiano una watu wawili wanaosikilizana. Maelezo ya albamu yenyewe yanaziita ngoma hizo za wapiganaji, ilhali ingoma zetu zilikuwa za ikulu, za kutawazwa kwa mfalme na za umuganuro, sikukuu ya mtama. Neno ingoma katika Kirundi lina maana ya ngoma na pia utawala. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Kwa hiyo kinasa sauti kilipowekwa mbele ya wapigaji mwaka 1967, ngoma ya mfalme ilikuwa inapigwa bila mfalme. Hilo ndilo jambo zito lililomo katika rekodi ile, na ndani ya wimbo wa Mitchell halisikiki. Burundi ya ngoma hizo si msitu hata kidogo. Ni milima, mashamba na ng'ombe.

Kuna kasoro nyingine iliyo ya muziki hasa. Katika ingoma, ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, na ibishikizo hufuata kile inkiranya inachosema. Onyesho kamili lina maneno pia: majigambo, wito na kiitikio. Kipande kilichokatwa na kurudiwarudiwa hakina kiongozi wala mfuasi. Ni mazungumzo yaliyobakishwa kelele. Mwaka 2007 Herbie Hancock aliurekodi upya wimbo huu, Leonard Cohen akiyasoma maneno yake kwa sauti ya kuzungumza juu ya piano, bila ngoma yoyote. Wimbo ulisimama vizuri. Tuliposikiliza toleo hilo ndipo tulipoona kwamba ngoma zetu zilikuwa pazia la nyuma ya jukwaa.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni kile kilichobaki katika santuri. Ngoma ni sehemu moja tu ya Musique du Burundi. Humo mna akazehe, salamu ya kuimbwa ya wanawake, ambapo sauti mbili hupokezana kwa kasi kiasi kwamba huwezi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Na mna mwanamume anayepiga inanga huku akinong'ona. Haimbi, ananong'ona kwa pumzi, na nyuzi za ule ubao uliochongwa kama sinia refu zinatembea pamoja na maneno yake.

Mwalimu wa lugha ajiulize: mnong'ono wa Kirundi unaelewekaje? Kirundi ni lugha ya toni. Inda ya tumbo na inda ya chawa huandikwa sawa. Kinachozitenga ni kupanda na kushuka kwa sauti. Anayenong'ona hana kidatu, kwa sababu nyuzi za koo hazitetemi. Jibu limo katika inanga. Nyuzi zinapiga vidatu ambavyo koo limevinyima maneno, na sikio la msikilizaji linaviunganisha hata likadhani mnong'onaji anaimba. Mtafiti Mmarekani Cornelia Fales alilichunguza jambo hili kwa undani na kulieleza kuwa ni kiini macho cha sikio. Sisi tunaona kwamba katika santuri ile yote hakuna jaribio la sauti lililo la kijasiri kuliko hilo, na si jaribio, ni desturi ya wazee.

Kwa nini basi waliokuwa wakitafuta upya waliichukua ngoma wakapita mnong'ono? Tunadhani ni kwa sababu ngoma haikuwadai kujua Kirundi. Inanga inadai.

Mwenzetu mmoja idarani aliuliza haya yanakihusu nini Kiswahili. Yanakihusu. Kiswahili sanifu hakina toni, kina mkazo, na wanafunzi wetu wengi huja na sikio la Kirundi. Wiki iliyofuata tuliwaambia wanong'one "barabara", ya njia na ya sawasawa. Darasa lilizitambua bila shida, kwa kuwa mkazo hubaki katika urefu na nguvu ya silabi. Kisha wakanong'ona inda mbili, na ubishi ukazuka ambao uliendelea hadi kwenye ngazi. Kwa miaka mingi tumefundisha tofauti ya toni na mkazo kwa michoro ya ubaoni, na hatujawahi kuona wakiishika upesi namna ile.

Yule mwanafunzi aliyeleta wimbo bado anaupenda, na hatumlaumu. Alitujia baadaye kuuliza kama inanga ya kunong'ona inapatikana wapi, maana ngoma alizisikia tangu utotoni na hiyo hakuwahi. Tunazo kanda mbili tu, moja ikiwa imeanza kukwaruza. Mwenye nyingine nyumbani, hata isiyo na jina, ailete idarani. Redio ya kaseti iliyo katika chumba cha walimu bado inafanya kazi.