Usiku wa Kigali huhesabiwa kuanzia mwisho

Wengi wanaotaka kuuza ziara ya baa kwa baa jijini Kigali huanza kwa kuorodhesha baa. Mimi ningeanza na saa ya kufunga. Tarehe 1 Agosti 2023 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Septemba huduma zisizo za lazima zifungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwishoni mwa juma, kelele zikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Ratiba nzima hupangwa kutoka hapo kurudi nyuma.

Chukua Jumamosi. Ukitaka wageni wawe kwenye gari saa saba na nusu, baa ya mwisho waingie saa tano na nusu. Zilizotangulia ni tatu, kila moja saa moja na robo pamoja na mwendo. Basi mnaanza saa mbili kasorobo.

Saa moja na robo ni nyingi, mpaka mtu aagize brosheti za mbuzi. Mhudumu anauliza bia unaitaka ya baridi au ya kawaida, analeta Primus ya sentilita 72, kisha nyama ndiyo kwanza inaingia jikoni. Chupa inaisha, brosheti hazijaja, na baa ya tatu inawangoja. Kwa hiyo kituo cha kwanza kisiwe na chakula kabisa. Oda ya nyama itolewe kwa simu kwa baa ya pili mkiwa bado mmekaa ya kwanza.

Njia nayo inahitaji ukali. Kigali ni vilima. Ukiunganisha mitaa ya Nyamirambo, Kimihurura na Remera katika usiku mmoja, wageni wako watakumbuka barabara kuliko baa. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hubeba abiria mmoja tu, hivyo watu 12 ni pikipiki 12 zinazofika kila moja kwa wakati wake. Ningechagua Gisimenti, pale Remera: baa zimekaribiana, mtu anahama kwa miguu. Nyamirambo ipewe usiku wake, ikianza kwa chai Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu na Waswahili wa jiji hili, na kikundi kipite hapo kwa adabu yake.

Halafu kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi. Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, kumbuka kwamba wenyeji wengi wana kazi asubuhi. Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya Kwibuka, maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Wiki hiyo usiuze tiketi hata moja.

Jambo ambalo silikubali ni tiketi inayoishia mlangoni mwa baa ya nne. Polisi hupima pumzi za madereva, lakini mgeni wako asifikishwe huko. Ewe mwandalizi, weka nauli ya kurudi ndani ya bei, na usifunge hesabu ya usiku kabla hujajua kila mmoja ameshuka kwake.