Lisemwalo na Lililopo: Hatima ya Kosa katika Fasihi, Utabibu na Hesabu

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa kando ya ziwa lenye jina lake, chini ya mlima Kwaraa, katika njia itokayo Arusha kwenda Dodoma. Kwa mwanachuoni wa lugha, ni mahali pachache katika Afrika penye utajiri kama nchi iuzungukayo mji huu. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi. Warangi na Wambugwe husema lugha za Kibantu. Wabarabaig husema lugha ya Kiniloti. Na mbele kidogo wako Wasandawe na Wahadza, ambao lugha zao zina sauti za vidoko. Utajiri huo umewavuta watafiti. W. H. Whiteley, ajulikanaye zaidi kwa kazi yake ya Kiswahili, alichapisha uchambuzi wa Kiiraqw mwaka 1958. Maarten Mous akatoa sarufi kamili ya lugha hiyo mwaka 1993. Na mwaka 2017 Andrew Harvey alianza kuweka katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini, iliyokuwa London wakati ule, sauti na masimulizi ya Wagorowa wa Babati. Katika mkoa huo huo, upande wa Mbulu, hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa mahali pa utafiti wa utabibu unaosomwa duniani kote.

Tafiti hizi hazifanani. Mmoja husikiliza neno la mzee, mwingine hupima urefu wa mtoto, na wa tatu, asiyehitaji mzee wala mtoto, huketi mezani na kutafuta hoja isiyopingika. Desturi ya wanaousifu wingi wa elimu ni kuzipanga kazi hizi kama bidhaa sokoni, kisha kusema kwamba zote hutafuta kweli. Msemo huo si uwongo, lakini haumfunzi mwanafunzi kitu. Tofauti ya elimu huonekana vema zaidi pale zinapokosea. Kwa kuwa kila moja ina namna yake ya kuzaa kosa, ya kuligundua, na ya kulizika au kulihifadhi. Makala mbili za Ole Bjørn Rekdal, mwanachuoni Mnorwe aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wairaqw, zafaa kutumiwa kulipima neno hili. Ya kwanza yahusu asili ya watu, na ya pili yahusu mboga. Ukizisoma mbalimbali ni makala mbili. Ukizisoma pamoja ni onyo moja.

Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1998 katika jarida la Ethnology. Yachunguza dhana kwamba Wairaqw walitoka nchi ya Iraki. Si vigumu kuelewa kwa nini dhana hii ilipendeza. Jina la watu lakaribiana na jina la nchi, hasa likiandikwa kwa herufi za Kizungu. Lugha yao haifanani na ya majirani wao Wabantu. Na wageni wa zama zilizopita, waliopenda kuwagawa Waafrika kwa pua na rangi, walikuwa tayari kutafuta nje ya bara chimbuko la kila jambo lililowashangaza. Dhana ya namna hii hukua kwa desturi ijulikanayo. Wa kwanza husema “labda”. Wa pili humtaja wa kwanza. Wa tatu humtaja wa pili, na ile “labda” huanguka njiani pasipo mtu kuiokota. Rekdal aonyesha kwamba safari haikuishia vitabuni. Dhana ya waandishi iliingia katika masimulizi ya Wairaqw wenyewe. Basi mtafiti ajaye baadaye huisikia kinywani mwa wenyeji, akaiandika kuwa mapokeo ya kale, na kitabu kikapata ushahidi kwa mtu aliyefundishwa na kitabu.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Mithali hii hutumiwa kuwatahadharisha wanaopuuza uvumi. Katika habari ya Wairaqw yapasa isomwe kwa maana ya pili: kwamba lisemwalo mara nyingi huja hata kama halikuwapo, kwa sababu kusemwa kwenyewe kumelileta.

Kinachopinga dhana hiyo hakitoki katika majina, bali katika mpangilio wa sauti na maneno. Undugu wa lugha hauthibitishwi kwa neno moja lifananalo na jingine. Huthibitishwa pale sauti ya lugha moja inapolingana na sauti ya nyingine kwa kanuni, neno baada ya neno. Kwa njia hiyo Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge zimeonekana kuwa ndugu wa karibu, na Roland Kießling na Mous walichapisha mwaka 2003 kazi ya kuyarudisha maneno ya mama yao mmoja. Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa mwaka 1963, aliziweka lugha hizi katika tawi la Kikushi, walimo Wasomali na Waoromo. Ni kweli kwamba Kikushi na Kiarabu vimo katika ukoo mmoja mkubwa. Lakini undugu huo ni wa zamani mno, wala undugu wa mbali wa lugha si habari ya safari ya watu kutoka Baghdad.

Je, hekaya hiyo itupwe? Hapa ndipo fasihi inapoachana na jamaa zake. Mwanahistoria ana haki ya kuikataa kama ushahidi wa kuhama. Msomi wa fasihi hana ruhusa ya kuikataa kama maandiko. Watu wanaposimulia kwamba walitoka mbali, husema jambo juu ya heshima wanayotaka kupewa leo, na juu ya majirani wao, na juu ya shule walizosomeshwa. Katika fasihi kosa halifi, bali hubadilika cheo: likikoma kuwa jibu, huwa swali. Lakini ili liwe swali lazima kwanza ijulikane lilianza lini na kwa nani. Msomi asiyejua kwamba hekaya hii ilipitia vitabuni ataichambua kama sauti ya mababu, na uchambuzi wake wote utasimama juu ya mchanga.

Makala ya pili ilitoka mwaka 2014 katika jarida la Social Studies of Science, nayo yaingia katika utabibu na hesabu kwa mlango wa jikoni. Kwa muda mrefu spinachi, mboga ya ukoo mmoja na mchicha, ilisifiwa kuwa na madini ya chuma kupita kiasi. Mwaka 1981 tabibu Mwingereza wa magonjwa ya damu, T. J. Hamblin, aliandika katika British Medical Journal kwamba sifa hiyo ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa mahali pasipo pake, kiasi kikaonekana mara kumi ya kilivyo, na kwamba wanakemia wa Ujerumani waligundua kosa hilo katika miaka ya 1930. Habari ilipendeza, ikarudiwa na wengi kama mfano wa uzembe wa wataalamu. Mike Sutton alipoitafuta asili yake, matokeo yake ya mwaka 2010 yalikuwa kwamba hapana ushahidi wa nukta hiyo iliyopotea, na Hamblin mwenyewe hakuweza kukumbuka aliitoa wapi. Rekdal aliichukua habari hiyo kuonyesha jinsi wasomi wanavyotaja kitabu wasichokisoma, kwa kumwiba shahidi kutoka katika maandishi ya mwingine. Waliotumia mfano huo kuwaonya wenzao juu ya uzembe, walikuwa wazembe katika mfano wenyewe.

Hesabu ndogo yaweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba nukta haikuhitajika hata kidogo. Tuseme gramu 100 za majani mabichi zina gramu 90 za maji. Majani hayo yakikaushwa hubaki gramu 10, na chuma iliyokuwamo haikupungua. Basi gramu 100 za majani makavu zitakuwa na chuma mara kumi ya gramu 100 za mabichi. Mwenye kuchukua hesabu ya makavu akaiandika juu ya mabichi atakuwa amezidisha mara kumi, ilhali kila tarakimu yake ni sahihi na kila nukta ipo mahali pake. Kosa si la hesabu. Ni la kusahau kilichohesabiwa.

Utabibu haukuacha jambo kama hili liamuliwe kwa hoja tupu, kwa kuwa mwili wa mtu hautii hoja. Mfano mwema watoka Haydom. Yalikuwapo matumaini kwamba watoto wa vijijini wangerefuka zaidi kama wangepewa dawa za kuua vijidudu vya matumbo pamoja na vitamini ya nikotinamidi. Watoto 1,188 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa dawa, wengine vitamini, wengine vyote viwili, na wengine vitu visivyo na nguvu yo yote, wala wazazi wala wapimaji hawakujua nani amepewa nini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021 katika PLoS Medicine, yalikuwa kwamba katika umri wa miezi 18 dawa na vitamini hazikuongeza urefu wa watoto. Msomaji wa haraka atasema kazi imepotea bure. La, haikupotea. Tumaini lililokuwa likielekea kuwa desturi limepimwa, likaonekana halitoshi, na watoto wengine wamesalimika na dawa wasizozihitaji. Katika utabibu kosa lazima liandikwe kwa herufi zile zile liandikwazo ushindi. Kwa maana kosa lililofichwa hurudiwa katika mwili wa mgonjwa mwingine.

Hesabu nayo ina desturi yake. Mwaka 1879 Alfred Kempe alitoa hoja ya kuthibitisha kwamba rangi nne zatosha kwa ramani yo yote, iwe ya wilaya za Manyara au ya mataifa, pasiwe na majirani wawili wenye rangi moja. Hoja ilikubaliwa kwa miaka 11. Mwaka 1890 Percy Heawood alionyesha tundu lililokuwamo. Hakwenda safari, hakuuliza wazee, wala hakupima watoto; alisoma tu, mstari kwa mstari, yale ambayo wengine waliyasadiki kwa heshima ya mwandishi. Jambo la kupendeza ni kwamba hakuitupa kazi ya Kempe yote: kwa njia ile ile alithibitisha kwamba rangi tano zatosha. Rangi nne zilingoja mpaka mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipozithibitisha kwa msaada wa kompyuta. Katika hesabu kosa likishaonekana halina pa kujificha, na kilicho kizima ndani yake huokolewa na kutumika.

Basi hizi ni hatima tatu. Mwanahesabu hukata kipande kibovu akahifadhi kizima. Tabibu huliandika kosa ili lisirudiwe. Msomi wa fasihi huliweka na kuliuliza maana. Asiyezijua tofauti hizi huleta fujo: hudai kwa mtambaji uthibitisho wa mwanahesabu, au humvumilia tabibu kama avumiliwavyo mtunga hadithi. Lakini zote tatu zasimama juu ya sharti moja, kwamba mtu arudi kwenye chanzo. Heawood aliirudia hoja, watafiti wa Haydom waliurudia mwili, na Rekdal alivirudia vitabu kimoja kimoja.

Sifa hizo hazimwondolei Rekdal lawama moja. Dawa yake, yaani kusoma chanzo kabla ya kukitaja, yachukulia kwamba chanzo kinafikika. Kwa msomi wa Bergen jambo hilo ni rahisi. Kwa mwalimu wa Babati makala zote mbili ziko katika Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo, na waliotoa maneno ya Kiiraqw hawana njia rahisi ya kusoma yaliyoandikwa juu yao. Hekaya ya Iraki ilienea kwa mdomo, bure, kwa lugha inayojulikana. Masahihisho yake yamefungiwa mahali pa wachache. Hapo hapana mashindano ya haki kati ya kosa na kweli. Lawama hii haimwangukii yeye peke yake. Yaviangukia pia vyuo vya Afrika Mashariki, ambavyo hutunuku shahada kwa tasnifu zisizorudi kamwe vijijini zilikochukuliwa habari zake.

Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika jambo hili si ndogo, wala si ya kutafsiri tu. Ni kuyaweka masahihisho katika lugha ambayo Mgorowa, Mwiraqw na Mrangi hukutana nayo sokoni, ili mzee aliyesimuliwa kuwa ni mtu wa Iraki aweze kuuliza mwenyewe: nani alisema, lini, na kwa ushahidi gani? Atakayeuliza hivyo atakuwa ameingia katika utafiti, hata kama hajavuka mlango wa chuo. Na msomi atakayemjibu itampasa awe amekisoma chanzo chenyewe.