Ubepari na Serikali ya Uwakilishi katika Kitabu cha Michael Novak

Kitabu cha Michael Novak kiitwacho The Spirit of Democratic Capitalism, yaani Roho ya Ubepari wa Kidemokrasi, kilichapwa Marekani mwaka 1982. Mwandishi wake, aliyezaliwa mwaka 1933 katika ukoo wenye asili ya Slovakia na kufariki mwaka 2017, alisomea upadre katika ujana wake lakini hakupadrishwa. Na kwa muda alikuwa upande wa wajamaa kabla ya kuwapa kisogo. Kusudi la kitabu ni kutenda kazi ambayo, kwa maoni ya Novak, wanatheolojia waliikwepa: kuupa ubepari hoja za dini. Kazi hiyo yastahili kupimwa kwa yaliyomo, wala isikataliwe kwa sababu ya jina lake tu.

Hata hivyo jina lenyewe lataka kuangaliwa kwanza. Neno bepari lilitoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mfanya biashara. Lawama lilivikwa baadaye. Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, alifasiri The Merchant of Venice ya Shakespeare, na tafsiri ikatolewa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfanya biashara mmoja wa Kiingereza amekuwa wengi katika Kiswahili, na wengi hao wamekuwa tabaka. Basi msomaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa uko ubepari unaopatana na Injili, husikia kama aliyeambiwa kuwa uko wizi wa halali. Ugumu huu si wa Kiswahili peke yake. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, fungu la 42, aliona kuwa swali juu ya ubepari halijibiki mpaka maana yake itengwe. Ikiwa ni uhuru wa biashara, soko na mali ya mtu binafsi pamoja na wajibu wake, jibu ni ndiyo, ijapokuwa jina jingine lingefaa zaidi; ikiwa ni uhuru usiozungushiwa ua wa sheria imara, jibu ni la.

Novak naye hadai kuwa soko latosha. Mfumo anaoutetea una nguzo tatu: uchumi wa soko, serikali inayoheshimu haki za watu, na utamaduni wenye maadili na uhuru wa fikira. Hoja yake yenye nguvu kuliko zote hutoka katika fundisho la dhambi ya asili. Ikiwa kila mwanadamu ameanguka, hapana mtu, chama wala kundi la wataalamu linalostahili kukabidhiwa mamlaka yote. Reinhold Niebuhr, Mprotestanti, alikuwa amekwisha kuieleza demokrasi kwa njia iliyo karibu na hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1944, The Children of Light and the Children of Darkness. Hoja hii ni nzito kwa sababu haiisifu tabia ya mwanadamu. Humtazama jinsi alivyo, kisha ikamwekea mipaka.

Watetezi wa upande huu hupenda pia mfano wa talanta katika Mathayo 25. Kiingereza kimeligeuza neno hilo likawa kipaji cha akili. Kiswahili cha Biblia kimelibakiza kuwa fedha, ijapokuwa siku hizi maana ya kipaji nayo yasikika. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, maana haoni kwa shida kuwa fedha ile ilikuwa ya bwana, si ya watumwa. Mfano huo wasifu juhudi na kulaumu uvivu, lakini mwisho wake ni siku ya hesabu. Aliyekabidhiwa kitu ni mwenye amana, wala hana milki isiyoulizwa.

Wazo hilo la amana ndilo linalounganisha uchumi na uwakilishi. Kiswahili kina maneno mawili katika jambo hili. Mjumbe ni aliyetumwa na ujumbe wa wenziwe. Wakili, ambaye kwake limetoka neno mwakilishi, ni aliyepewa uwezo wa kutenda badala yao. Edmund Burke alipowaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kuwa Mbunge anawiwa nao uamuzi wake mwenyewe, alichagua uwakili juu ya ujumbe. Zanzibar imeyachukua yote mawili, maana Baraza la Wawakilishi lina wajumbe. Kwa maana yo yote, aliyechaguliwa hurudi kwa waliomchagua kutoa hesabu.

Kwa kipimo hicho mfumo wa chama kimoja nchini Tanzania wapata sifa na lawama. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wapiga kura waliletewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na baadhi ya mawaziri walipoteza viti vyao. Mtu aliweza kuondolewa. Chama hakikuweza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1992. Fundisho la dhambi laonyesha kosa hilo waziwazi.

Lakini fundisho hilo hilo lamhukumu na mwenye mali, na hapa ndipo kitabu cha Novak kinapolegea. Huamini kwa wepesi mno kuwa nguzo tatu zitazuiana zenyewe, kana kwamba fedha haiwezi kununua nguzo ya pili na kuitia kutu ya tatu. Tanzania yatoa mfano. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, na Mahakama Kuu ikaibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2006. Neno la ukarimu, lililotumika kwa mgeni na chakula chake, lilifanywa pazia la kununulia kura. Soko liliingia katika uwakilishi, na utamaduni ukaazima msamiati wake kuusitiri uovu. Aliyeuza kura yake kwa sahani ya pilau amekwisha kulipwa. Ataidai hesabu gani tena?

Thamani ya kitabu, basi, ni kule kuonyesha kwamba Mkristo aweza kutetea soko na kura kwa sababu ya udhaifu wa mwanadamu, bila kuuabudu utajiri. Upungufu wake ni kumhofu mtawala kuliko tajiri, hali Maandiko yanawaonya wote wawili: mfalme katika Samweli wa Kwanza sura ya 8, na mwenye ghala katika Luka 12. Utetezi wa ubepari utakaomridhisha msomaji wa Kiswahili utakuwa ule utakaoweza kumwonyesha bepari akiitwa kutoa hesabu, na mahali anapoitwa.