Jump: nani analipa, nani anasikilizwa

Mashabiki wa Naruto na One Piece humu Lubumbashi hawapendi kusikia hili, lakini tulisikie: kitu mnachokipenda kilitoka mu gazeti. Mnataja mchoraji, mnataja shujaa, mnabishana usiku mzima nani angempiga nani. Gazeti lenyewe hamlitaji. Na lile gazeti ni kiwanda, vile Gécamines ilivyokuwa kiwanda. Kuna shimo, kuna tanuru, kuna njia ya kupeleka mali nje, na kuna watu wanaobaki na vumbi mu mapafu.

Weekly Shonen Jump lilianza mwaka 1968, Tokyo, chini ya kampuni ya Shueisha. Lilifika sokoni kwa kuchelewa. Shonen Magazine ya Kodansha na Shonen Sunday ya Shogakukan yalikuwapo tangu 1959, na wachoraji wenye jina walikuwa wamekwisha kushikwa huko. Jump lilibaki kuandikisha vijana ambao hakuna aliyewajua. Nagai Go alikuwa mmoja, Motomiya Hiroshi mwingine. Hao njo waliolijenga. Hapa kwetu mtu akitaka kuanzisha gazeti, anatafuta kwanza jina kubwa la kuweka juu ya jalada, na pesa inaishia kwa huyo mwenye jina kabla namba ya pili haijatoka. Wao walianza na wasiojulikana kwa sababu ya umaskini, na umaskini huo ukawa sheria ya nyumba: hata leo Jump linawinda wachoraji wapya kwa mashindano.

Kisha kuna kadi. Ndani ya kila namba mna kadi ya posta. Mtoto anaandika hadithi tatu zilizompendeza, anatuma. Wahariri wanahesabu. Hadithi iliyo chini ya orodha inakatwa, mara nyingine baada ya majuma kumi hivi tu, hata kama mwenyewe alipanga safari ya miaka kumi. Karatasi ni ile ya bei ya chini, nzito, isiyo nyeupe, na wino wa rangi moja moja. Mtu anaisoma kwenye treni na kuitupa. Hadithi iliyopona inakusanywa baadaye mu buku ndogo, karatasi nzuri, na watu wanaiweka nyumbani. Gazeti ni mtego, buku njo nyama. Kwa njia hiyo, mwisho wa mwaka 1994 Jump lilipiga nakala milioni 6.53 kwa namba moja. Dragon Ball ya Toriyama, iliyoanza 1984, ilikuwa karibu kumalizika. Leo nakala za karatasi ni kama milioni moja hivi.

Jamaa ya Jump ni kubwa: Young Jump la wakubwa tangu 1979, V Jump, Ultra Jump, Jump SQ tangu 2007, na Shonen Jump+ ya telefone tangu 2014. Msomaji akikua, gazeti linamfuata. JoJo ilianza kwa watoto mwaka 1987, ikahamia Ultra Jump mwaka 2005. Sisi tukimaliza shule ya msingi tunaambiwa tuache michoro. « Ile ni mambo ya batoto. » Njo hapo tunawapoteza wasomaji, tena wasomaji walioanza kushika pesa mkononi.

Sasa turudi kwetu, maana si kweli kwamba Katanga haikuwa na kitu. Mwana Shaba lilizaliwa 1957, gazeti la Union Minière kwa wafanyakazi wake, na baadaye likapata mdogo wake, Mwana Shaba Junior, kwa vijana, na bede ndani yake. Wazee wengi wa kambi za Gécamines wanaweza kukuambia lilivyokuwa linafika nyumbani. Lakini angalia nani alikuwa analipa: kampuni. Hakuna kadi iliyouliza mtoto wa kambi anapenda nini. Baba mwema mu hadithi za namna hiyo ni yule anayefika kazini mapema. Kampuni ilipoanguka, hakuna msomaji aliyekuwa na mazoea ya kutoa pesa yake ili gazeti liendelee.

Wakenya nao wana Shujaaz tangu 2010, kazi nzuri sana, Kisheng cha kweli, mashujaa wanaofanana na watu wa mtaani. Lakini linagawiwa bure, pesa inatoka kwa wafadhili, na unasikia sauti ya mfadhili kila shujaa anapoanza kuelezea mbegu bora. Mtu wa Kongo aliyekaribia zaidi roho ya Jump, kwa maoni yangu, ni Papa Mfumu'Eto wa Kinshasa. Kuanzia 1990 alitoa vijitabu vyake mwenyewe, karatasi duni, Kilingala cha barabarani, hadithi ya nyoka aliyemeza mwanamke, watu wakanunua sokoni kama mikate. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na msomaji anayelipa, na msomaji anayelipa anakuonyesha haraka kama umemchosha.

Mtaniambia: basi Jump ni mfano wa kufuata. Polepole. Kadi ile ina ukatili wake. Kurasa kumi na tisa kila juma, miaka na miaka, zinavunja mwili wa mtu. Togashi, mwenye Hunter x Hunter, amesimama mara nyingi kwa sababu ya mgongo, na wasomaji wanamtukana kana kwamba ni mvivu. Mtoto wa mfanyakazi wa mgodi anapaswa kuielewa hiyo hadithi kuliko mtu mwingine yeyote, lakini humu mjini nasikia matusi yale yale.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi kwangu. Jump lina maneno matatu: urafiki, bidii, ushindi. Kila shujaa anapigwa, anafanya mazoezi, anarudi, anashinda. Ni tamu. Lakini mwenye diploma anayeuza mega pembeni ya barabara anajua kwamba bidii na ushindi si ndugu wa tumbo moja. Pie Tshibanda, aliyezaliwa Kolwezi, alitunga pamoja na mchoraji Nsenga bede yenye jina Les refoulés du Katanga, katikati ya miaka ya 1990, juu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa hapa 1992 na 1993. Wale watu hawakukosa bidii. Walikuwa walimu, mafundi, wafanyakazi wa Gécamines. Walikosa jina linalotakiwa. Hakuna mazoezi ya milimani yanayotibu jambo hilo. Kama bede haiwezi kubeba hadithi ya namna hiyo, itabaki pipi. Ile ya Tshibanda iliibeba, tena ikichapwa humu humu Lubumbashi, mu mji uliokuwa bado na kidonda. Ni wangapi kati yetu wameishika mkononi? Sisemi kwa kulaumu, buku yenyewe ni shida kuipata.

Manga za karatasi nazo ni shida. Buku moja ya Kifaransa ni karibu euro 7 kule Ufaransa, kabla haijapanda ndege. Kwa hiyo vijana wanasoma za wizi mu telefone. Shueisha walifungua programu yao, MANGA Plus, Januari 2019, kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania. Kifaransa kilikuja 2021. Mwanzoni walitoa bure sura tatu za kwanza na tatu za mwisho. Kichwa na mkia wa samaki, bana! Katikati utajaza mwenyewe. Baadaye wamelegeza kidogo, wakaweka na malipo ya mwezi, lakini kijana wa Katuba anatumia M-Pesa na Airtel Money, kadi ya benki ameiona kwa mjomba. Simhukumu kwa wizi. Ninachosikitikia ni kwamba sauti yake haihesabiwi popote: hakulipa, hakutuma kadi. Kwa Shueisha hayupo. Ni msomaji mwenye moyo wote na hana kura.

Wajapani walikuwa jirani zetu, nikumbushe tu. Miaka ya 1970 walichimba shaba Musoshi, upande wa Kasumbalesa, wakati ule ule Jump lilipokuwa linakua kwao. Walikuja na mashine, wakarudi na shaba. Sijakutana bado na mtu aliyebaki na gazeti lao hata moja.

Michoro ya vijana wetu, basi. Nimeonyeshwa mingi mwaka huu. Mikono iko, hakuna ubishi. Mistari ya mwendo, macho, ngumi, vyote viko. Lakini shujaa anaitwa Kenji, anavaa sare ya shule ya Japani, na maua ya pinki yanamwangukia kichwani. Oktoba jacaranda zinamwaga maua barabarani humu, na kwenye karatasi zile sijaona hata moja. Terril na bomba la moshi, ambavyo kila mtoto wa Lubumbashi angeweza kuvichora macho yamefumbwa, havimo. Na mazungumzo yote ni Kifaransa cha darasani, hata pale watu wanapogombana. Nani anagombana kwa Kifaransa cha darasani?

Ukurasa mmoja ulinishika. Hauna pigano. Mama ameinama juu ya makala, moshi umejaa kurasa nusu, na nyuma yake kijana ameketi na daftari. Mama hageuki. Amesema tu, kwa Kiswahili chetu: « Unachoraka, unachoraka… tutakula makaratasi? » Kijana hajibu, mchoraji ameacha kisanduku chake cha maneno kitupu, na juma zima nimekuwa nikitaka kujua sura inayofuata. Haijachorwa. Nilipouliza kwa nini, aliniambia hakuna aliyekuwa ameiomba.