Vumbi la Ivuna juu ya lenzi: kwa nini maji hutangulia spiriti

Tarehe 22 Februari 2019 chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, kiligusa uso wa asteroidi Ryugu, kikafyatua risasi ndogo ili kuokota sampuli, kisha kikawasha injini zake na kupaa. Mawe na vumbi jeusi vilitimka, na sehemu ya vumbi hilo ikatua kwenye lenzi ya kamera ya tumboni, ile inayokiongoza chombo wakati wa kushuka. Mwanga ulioingia kwenye kamera ukapungua, na hapakuwa na mkono wa kuipangusa. Wahandisi wa shirika la anga la Japani, JAXA, walipima kwanza mwanga umepungua kwa kiasi gani, wakapanga upya safari ya kushuka ili kamera ianze kufuata alama iliyodondoshwa juu ya Ryugu ikiwa karibu nayo zaidi, na tarehe 11 Julai 2019 wakakishusha chombo mara ya pili. Kiligusa mahali palipolengwa kwa tofauti ya sentimita 60 tu, kwa lenzi ileile yenye vumbi. Sampuli zilipofika duniani Desemba 2020 na kuchunguzwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba Ryugu inafanana na vimondo vya aina ya Ivuna, aina iliyopewa jina la jiwe la gramu kama 700 lililoanguka Ivuna, katika Wilaya ya Momba ya leo, mkoani Songwe, tarehe 16 Desemba 1938. Kisa hiki kina mambo mawili ambayo watu wengi wanaoshika kamera huyaruka: kupima madhara ya uchafu kabla ya kuugusa, na kujua uchafu huo ni kitu gani. La pili lina uzito wa pekee pale Ivuna penyewe, kwa sababu vumbi la pale lina chumvi, na chumvi hupindua utaratibu wa usafi ambao wengi wameuzoea.

Tuanze na kipimo. Chukua lenzi ambayo kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50, na punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.2, kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho. Punje hiyo inaziba sehemu moja tu kati ya 62,500 za kioo. Zaidi ya hapo, iko karibu mno na lenzi kiasi kwamba haiwezi kuchorwa kwenye picha kama doa. Kivuli chake husambaa kwenye picha nzima na kupotea. Punje chache za namna hiyo haziharibu picha, na mpiga picha anayekimbilia kuzifuta kila zinapotua anatibu ugonjwa ambao haupo. Hali hubadilika panapokuwa na jua au taa mbele ya kamera, maana hapo vumbi na mafuta hutawanya mwanga na picha hupauka. Hubadilika pia kwa lenzi pana iliyofungwa tundu lake hadi f/16, na kwa kioo cha nyuma ya lenzi, ambacho kiko karibu na sensa, hivyo uchafu wake huleta madhara makubwa zaidi. Alama ya kidole nayo ni jambo jingine kabisa: haizibi nukta, inatandaza mafuta juu ya eneo zima.

Hatari ya kupangusa, kwa upande wake, hupimika pia. Kioo cha lenzi ya kisasa hakiko uchi. Tangu Alexander Smakula wa kampuni ya lenzi ya Zeiss aliposajili hataza yake mwaka 1935, lenzi hupakwa matabaka membamba ya kupunguza mwako wa mwanga. Tabaka moja la floridi ya magnesiamu hushusha mwanga unaorudishwa na kioo kutoka kama asilimia 4 hadi chini ya asilimia 2. Unene wa tabaka hilo ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, vioo vingi vya lenzi viko kati ya 5 na 6, na kwatzi, ambayo ndiyo mchanga wa kawaida, ina ugumu wa 7. Anayesugua lenzi yenye mchanga kwa fulana au kwa ncha ya kanga anaburuta kitu kigumu juu ya kitu laini zaidi. Wapo watakaosema kwamba wamefuta lenzi kwa shati miaka mingi na hawajaona mkwaruzo. Inawezekana kabisa, kwa sababu mikwaruzo myembamba haionekani mmoja mmoja. Ikishakuwa mingi, picha inayopigwa kuelekea jua hupoteza weusi wake, na lawama huenda kwa kamera kuzeeka. Tena, katika kiangazi cha bonde la Rukwa, shati lenyewe limeshabeba mchanga kabla halijafika kwenye kioo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chumvi. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa kuvukizwa na jua, na madini yaliyoletwa na mito hubaki. Ni ziwa la magadi, na kandokando yake, Ivuna ikiwemo, kuna mabwawa ya chumvi ambayo watu waliyafanyia kazi karne nyingi zilizopita, kama walivyoeleza Brian Fagan na John Yellen katika ripoti ya uchimbaji wao wa kiakiolojia iliyotoka mwaka 1968. Vumbi linalopeperuka kutoka ardhi ya namna hiyo lina mchanga, udongo mfinyanzi, na chembe za chumvi. Mtu anaweza kujibu kwamba chumvi ni laini, ugumu wake ni 2.5 tu, kwa hiyo haiwezi kuchubua kioo. Ni kweli ikiwa peke yake na ikiwa kavu. Lakini chumvi ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa na kugeuka majimaji pale unyevu unapofikia kama asilimia 75, jambo la kawaida usiku na alfajiri wakati wa mvua. Jua likitoka, majimaji yale hukauka na kuwa fuwele upya, na fuwele hizo hugandisha punje za kwatzi na udongo palepale kwenye kioo. Punje ambayo jana ingepeperushwa kwa upepo mdogo, leo imeshikamana. Na ikiwa kuna magadi ndani yake, unyevu wenye magadi ukikaa muda mrefu hula kioo na matabaka yake polepole.

Sasa angalia kinachotokea mtu anapochukua kitambaa chenye spiriti, dawa ambayo wengi huiona kuwa jibu la kila uchafu. Mililita 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi. Alkoholi safi haiyeyushi karibu chochote. Spiriti huondoa mafuta yaliyozunguka fuwele, ikaziacha fuwele zenyewe na punje zilizogandishwa, na kitambaa kikaziburuta. Kisha hukauka haraka, kioo kikaonekana kimeng'aa, hadi mwanga wa pembeni uonyeshe ukungu mweupe. Watengeneza chumvi walilijua jambo hili kwa upande wao bila kuhitaji vitabu vya kemia: ukitaka kutenganisha chumvi na udongo, tumia maji, maana chumvi itayafuata na mchanga utabaki. Lenzi inataka kanuni hiyohiyo, kwa matone machache na mikono mitulivu.

Kwa hiyo kazi huanza bila kugusa kioo. Lenzi huelekezwa chini ili kinachodondoka kisirudi, kisha hupulizwa kwa mpira wa kubonyeza. Ule wa kunyonya kamasi za watoto unaouzwa maduka ya dawa hufaa, alimradi ni mpya na mkavu. Brashi laini hufuata, kwa mguso mwepesi, na isishikwe kwenye nywele zake, kwani mafuta ya vidole huhamia kwenye kioo. Mara nyingi kazi huishia hapo, na inapaswa kuishia hapo. Madoa yakibaki, kitambaa safi cha nyuzi laini hutiwa tone moja au mawili ya maji yaliyosafishwa. Tone lisiwekwe juu ya lenzi, maana litapenya kandokando ya kioo. Kitambaa huwekwa juu ya doa kwa sekunde kadhaa ili chumvi iyeyuke, ndipo hutelezeshwa kutoka katikati kuelekea ukingoni bila kukandamiza, na kila mpito hutumia upande mpya wa kitambaa. Maji yanayouzwa kama maji ya betri hufaa, lakini chupa isomwe vizuri: asidi ya betri huuzwa maduka yaleyale. Maji ya bomba au kisima huacha madini yake kioo kinapokauka, na hapo chumvi moja inakuwa imebadilishwa kwa nyingine.

Spiriti ina zamu yake, na zamu hiyo hufika mapema zaidi Tunduma kuliko Ivuna. Kwenye mji wa mpakani ambako malori hupanga foleni kuelekea Zambia, vumbi la barabara huchanganyika na masizi ya dizeli, ambayo yana mafuta na hayasikii maji. Hapo alkoholi ya isopropili, kidogo kwenye kitambaa, hufanya kazi ambayo maji hayawezi. Spiriti ya hospitali ichunguzwe, kwani baadhi hutiwa mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, nayo huacha utando juu ya kioo. Upepo wa kompresa wa mafundi wa matairi, ambao huonekana kuwa njia ya mkato, hutoka na matone ya mafuta na maji, na nguvu yake yaweza kusukuma vumbi hadi ndani ya lenzi. Pumzi ya mdomo nayo ina watetezi na wapinzani wakali. Ukungu wake ni maji karibu safi, kwa hiyo si sumu kama inavyosemwa. Kasoro yake ni mate, ambayo yana chumvi na protini, na mtu anayepuliza akiwa na haraka hayazuii.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la kichujio: funga kioo cha kinga mbele ya lenzi, kisha futa utakavyo, kikichubuka nunua kingine. Kando ya Rukwa wakati wa upepo ningekubaliana nalo bila kusita, kwa kuwa bei yake ni ndogo ukilinganisha na lenzi. Lakini kichujio kilichochubuka hutawanya mwanga sawasawa na lenzi iliyochubuka, na kichujio cha bei nafuu kisicho na matabaka huongeza mwako wakati wa kupiga picha kuelekea jua. Kinalinda mfuko; picha bado inategemea namna kinavyosafishwa.

Picha nyingi za Songwe, kama za kwingineko, leo hupigwa kwa simu, ambako hesabu ya mwanzo hugeuka. Tundu la lenzi ya simu lina upana wa milimita chache. Likiwa na milimita 2, punje ileile ya milimita 0.2 huziba sehemu moja kati ya 100, na alama moja ya kidole hulifunika lote. Kwa hiyo simu husafishwa mara nyingi zaidi, kwa mpangilio uleule, na jaribio la kujua kama kazi imekwisha ni kuipiga picha taa moja gizani. Michirizi mirefu kutoka kwenye taa ni dalili kwamba mafuta yamebaki, na spiriti kidogo inahitajika. Ukungu mweupe unaoonekana kioo kikiangaliwa kwa mwanga wa pembeni ni chumvi: kitambaa kirudi kwenye maji.