Nchi iliyopakana na pepo

Mwanafunzi wangu mmoja, mpenzi wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, aliniambia eti Kiswahili hakina ulimwengu wa ajabu kama huo. Nikamuuliza: na Kusadikika je?

Katika riwaya hiyo ya 1951, Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani, akaipakanisha na pepo: kaskazi, kusi, matlai, umande. Wajumbe wake hutumwa pande sita, mmoja mbinguni, mwingine ardhini. Shuleni tunakimbilia kusema ni fumbo la ukoloni, basi. Kweli, lakini mpaka wa upepo tunauruka. Sisi wa hapa Kipevu, tunaotazama meli zikiingia kila siku, tungepaswa kuushtukia: ‘kaskazini’ ni ‘kaskazi’ na ‘-ni’, yaani kule upepo wa kaskazi utokako. ‘Kusini’ vivyo hivyo. Mwandishi hakubuni jiografia ngeni. Alilichukua neno la baharia kama lilivyo. Ndiyo maana nchi isiyo na ardhi inasadikika. Lawama yangu ni moja tu: kesi ya Karama ikishaanza, mahakama humeza anga, na zile pepo tunazisahau.